Kesho Nakaa Kushoto

Mauwa, mwanangu,

Sikuandikii juu ya sabuni. Vitu vyako nimeshavifunga, mawese yako kwenye kidumu, ndagala zako za ziwani nimezikausha vizuri, na namna ya kukaa nyumbani kwa mama yako mukubwa huko Uvira unaijua, kwa maana nilikulea. Hayo yamekwisha. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na hasira yangu nikiitoa kwa mdomo wewe hushika ndoo ukaenda kuteka maji.

Nimekaa ndani ya gari letu hapa uani, karatasi nimeiweka juu ya usukani. Kuku wamepanda nyuma kwenye karoseri na leo nimewaacha. Humu ndimo ninamofikiri vizuri, unanijua.

Baba yako mudogo Alimasi alipokuja mchana, wewe ulikuwa jikoni na ulisikia kila neno. Alikula kwanza, akanawa mikono, ndipo akaanza.

"Shemeji, uache mutoto apumuzike. Alishaanguka mutihani mbele ya batu, inatosha. Gari haiko kazi ya batoto banamuke. Ile nafasi ya shofere kwa masista ba Uvira uipatie mutoto wangu, yeye ni mwanaume, ataiweza."

Nilimwambia, "Shemeji, ongeza sombe, isipoe." Akaelewa, akaondoka. Mimi nilidhani tumemaliza. Kumbe wewe ulipokuja kuokota sahani ulisema, ukiangalia chini, "Mama, pengine baba mudogo anasema kweli."

Hapana, Mauwa. Hasemi kweli. Na kama kuna mtu katika Baraka nzima anayejua jinsi Alimasi anavyosema kweli njiani, ni mimi, na nitakueleza.

Lakini tuanze na aibu yako, maana najua ndiyo iliyokuangalisha chini. Hapa mjini wameitia chumvi mpaka nimesikia sokoni kwamba ulitumbukiza gari ziwani. Wewe mwenyewe uliniambia ilivyokuwa. Gari la mtihani usukani wake uko kushoto. Letu, kama karibu magari yote yanayovuka ziwa kutoka Tanzania, usukani uko kulia, ingawa barabara yetu tunaendesha upande wa kulia. Wewe umejifunza humu, na mkono wako wa kushoto ndio unaojua kubadili vitesi, hizo wanazoziita gia kule lilikotoka. Mkaguzi akakuambia uweke ya pili. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta fimbo ya vitesi, ukakuta kitasa, ukavuta. Mlango ukafunguka gari likitembea, mbele ya wauza mikate.

"Kwenu Baraka," mkaguzi akasema, "mukitaka mwendo munafungulaka mulango?"

Watu wakacheka. Ningekuwepo ningecheka pia, nisikufiche, halafu ningekununulia mkate. Mkono ulifanya ulichofundishwa. Hilo ni jambo la wiki moja tu, na umeshalimaliza. Siku zote hizi umekaa kwenye kiti cha jikoni na mwiko mkono wa kulia, unabadili vitesi hewani. Unadhani sikukuona?

Mlango siyo uliokuangusha. Uliniambia jambo jingine, ukalipitia haraka haraka, nami nikaliacha lipite. Ulisema baada ya kufunga mlango mlikuta kamyo ya mizigo mbele yenu, inakwenda polepole, barabara imenyooka, hakuna kitu, na wewe ukabaki nyuma yake mpaka gari likazimika. Mkaguzi hakusema pita, hakusema ngoja. Alinyamaza. Ukamngoja.

Usiku ule sikulala vizuri, Mauwa, kwa sababu niliijua sauti uliyokuwa unaingoja. Ilikuwa ya kwangu.

Sasa nisikilize. Baba yako alipofariki ulikuwa mdogo bado, unaikumbuka kofia yake tu. Gari hili alilinunua likiwa bovu, akalifufua, na mimi alinifundisha kuliendesha kwenye uwanja wa mpira asubuhi kabla vijana hawajafika. Alinifundisha kwa matusi na kwa kucheka. Alisema nina mguu mzito na kichwa kigumu, na kwamba hivyo viwili vinatosha kufika Lulimba. Hakuwahi kuniuliza kama mwanamke anaweza. Alichoka kuendesha peke yake, basi.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa kuzungumza juu ya gari. Walitaka ufunguo aupate Alimasi, kwa kuwa ni mdogo wa marehemu na ni mwanaume. Shida ilikuwa moja: Alimasi hakujua kuendesha, na hajui mpaka leo vizuri, ingawa anajua kuzungumza. Nami ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye kitenge changu, nikakataa kuutoa. Waliongea mpaka wakachoka, halafu wakatoa hukumu yao. Mjane aendeshe, ili watoto wale, lakini mwanaume wa ukoo akae kushoto awe macho yake.

Walidhani wana akili sana, na kwa upande mmoja walikuwa nayo. Unajua mwenyewe: ukikaa kulia, na kamyo iko mbele yako, huoni njia inayokuja. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Magari yote ya hapa yanakwenda hivyo. Kijana anakaa kushoto, anachungulia, anapiga kelele "Pita!" au "Ngoja!", na shofere anamwamini, kwa sababu hana la kufanya. Mimi nilikubali. Nilifurahi hata. Nilisema mradi ninashika usukani, huyo aone anachotaka.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Sikulifanya kwa kulazimishwa, nililifanya nikicheka.

Tuliendesha hivyo miezi mingi, Baraka mpaka Fizi, Fizi mpaka Lulimba, ndagala kwenda, mihogo kurudi. Alimasi aliona, mimi nikapita. Hata nikasahau kwamba nina shingo. Siku moja tunashuka kutoka Fizi, mbele kuna kamyo ya mbao inatoa vumbi, Alimasi anasema, "Pita, shemeji, pita! Njia iko bure!" Nikapita. Njia haikuwa bure. Pikipiki ilikuwa inapanda, na nyuma yake amekaa mama na mzigo. Kijana wa pikipiki alituona, akajitupa mtaroni. Sisi hatukumgusa hata kidogo, lakini yule mama alivunjika mkono. Ndiye Mama Sangya, yule yule unayemwita bibi, anayekuuzia samaki wa mikeke.

Alimasi alikuwa anaangalia wapi? Alikuwa anampungia mkono rafiki yake aliyekaa juu ya mbao. Nilimwona kwa pembe ya jicho, na bado nilipita.

Watu walikusanyika. Alimasi alishuka wa kwanza. Mbele ya wote, macho makavu, akasema, "Mi nilimwambia angoje. Banamuke habasikiake." Nikamwangalia. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, na sikutoa hata moja, kwa sababu mikono iliyoshika usukani ilikuwa yangu na Mama Sangya alikuwa analia.

Tulimpakia, tukampeleka hospitali, nikakaa naye. Hilo nililifanya vizuri. Halafu nikafanya kosa la pili, ambalo ndilo kubwa, nalo watu hawalisemi kamwe kwa kuwa wao waliliona ni adabu. Nilitoa ufunguo. Niliufungua kwenye kitenge changu mwenyewe, nikauweka mkononi mwa Alimasi, nikarudi jikoni. Majirani walinisifu. Walisema sasa nimetulia. Wewe ulikuwa unanifuata fuata unauliza, "Mama, gari iko mugonjwa?" na mimi nakuambia nyamaza.

Nilikaa hivyo msimu mzima wa mvua. Alimasi aliliendesha gari kwa vitesi vya kwanza tu, injini inalia mpaka watoto wanaziba masikio. Nilikuwa nalisikia likipita, na nilikuwa naona aibu ya kutoka nje kuliangalia. Nimeshafiwa, Mauwa, na nimeshakimbia vita na wewe mgongoni, lakini sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau msimu ule.

Aliyenitoa ni Mama Sangya. Alikuja hapa nyumbani, mkono bado umefungwa kwa kitambaa shingoni, mimi nachambua mchele. Nikainuka nianze tena kuomba msamaha. Akaniambia nikae.

"Ni mi nilivunjika mukono," akasema. "We unajifungia nyumbani sababu gani?"

Nikainamia mchele wangu, naye akaendelea.

"Ndagala zangu zinaoza. Huyo shemeji yako alizimwaga kwa kilima mara mbili. Mi nataka kufika Lulimba. Wale bachimba zahabu banakula samaki ama habakule?"

"Mama, mi ndiye niliyekuumiza."

"Najua. Nilikuwepo. Lete ufunguo."

Nilikwenda kwa Alimasi. Sikumwomba. Nilimkuta anakula, nikauchukua ufunguo mezani karibu na sahani yake, nikamwambia asante kwa kunitunzia. Wazee walikuja juu, wakatuma watu, wakauliza macho ya gari atakuwa nani. Nikasema ninayo mawili na yanatosha. Tangu siku ile hakuna mwanaume wa ukoo aliyekaa kushoto kunionea njia, na wengine mpaka leo hawanisalimii vizuri. Ninalala tu.

Kesho yake Mama Sangya alipanda, akakaa kushoto, mahali pa Alimasi, ndagala nyuma. Mimi usukani umenilowa jasho. Nilidhani atachungulia, atapiga kelele, atajishika mlangoni. Alisali sala fupi. Hatujafika hata kwenye kona ya kwanza ya kilima, nikasikia anakoroma. Mwanamke yule, mkono kifuani, mdomo wazi, amelala fofofo katika gari la mtu aliyemvunja. Alilala mpaka Fizi. Mimi nililia nikiendesha, na sikusimama, maana ningesimama angeamka.

Hakuniambia hata siku moja kwamba amenisamehe. Hakuhitaji kusema.

Siku hiyo, kwa kuwa aliyekaa kushoto amelala, ilinibidi nijifunze kuona. Na hili nakupa kama lilivyo, ni kazi tu. Usikae karibu na kamyo. Kaa mbali, vumbi likupungukie. Usihangaike kuchungulia kushoto, huwezi, utatoa gari lote kabla jicho halijatoka. Ngoja barabara ikunje kulia. Ikikunja kulia, wewe uliyekaa kulia unapata kuona ubavuni mwa kamyo, ndani ya kona, njia yote ya mbele. Hapo ndipo unajua kama kuna mtu anakuja. Halafu ikinyooka, unatoka kidogo kidogo, unapiga honi, unapita. Na kama huna uhakika, hupiti, hata kama nyuma wanakutukana mama yako. Mama yako ametukanwa sana, hatadhurika.

Nilipokwenda Uvira kutafuta permi ya kuendesha, maana miaka yote ile nilikuwa naendesha bila permi na vizuizini nilikuwa nacheka na askari kama mjinga, nilikwenda na gari hili hili. Mkaguzi alikaa kushoto. Akaniuliza kwanza, "Bwana yako anakubali?" Nikamwambia amekufa na hajakataa. Tukaondoka. Njiani kamyo mbele, kona inakunja kushoto, sioni kitu. Akasema, "Pita." Nikabaki pale pale nyuma. "Mama, nimesema upite." Nikamwambia, "Mi sijaona, sipite." Akaandika kwamba sitii, akaniangusha.

Hukulijua hilo, sivyo? Mama yako naye alianguka. Nilirudi Baraka, nikala, nikarudi Uvira. Mkaguzi mwingine, kona nyingine, neno lile lile, jibu langu lile lile. Huyo wa pili alisema, "Endelea." Permi ninayo, unaiona imebandikwa hapa juu ya kioo mpaka imefifia. Sijui hadi leo kama yule wa kwanza alinipima au alikosa subira tu. Sijali. Ningekwenda mara ya tatu ningebaki nyuma ya kamyo vile vile.

Sasa nifike kwenye kosa la tatu, ambalo ni jipya, na ndilo linalonikasirisha leo kuliko Alimasi.

Nilipoanza kukufundisha wewe, nilikaa wapi? Kushoto. Na nilifanya nini? "Pita, Mauwa. Ngoja. Freni. Sasa. Sasa! Siyo sasa!" Mimi niliyeapa kwamba mtu hatapita kwa macho ya mwingine, nilikaa pale miaka miwili nikawa macho yako. Nilikuonea kila kuku. Ukawa unaendesha vizuri sana, watu wanasifu, na wewe ulikuwa unaendesha kwa sikio. Mkaguzi aliponyamaza, ulikuwa kama umezimiwa taa. Siyo kwamba wewe huwezi. Ni mimi niliyekufunga kamba na kuiita mapenzi.

Na ni mapenzi, hilo sitalikana. Niliona pikipiki ile katika kila kona, na nikakuona wewe mtaroni. Hofu yangu ilikuwa na mdomo mkubwa. Unajua mimi sijawahi kusinzia ndani ya gari ninamoendeshwa na mtu. Tulipokwenda Bukavu kwenye mazishi ya mjomba, mlinicheka wote, mguu wangu unakanyaga freni isiyokuwepo, macho yamenitoka kama ya mbuzi sokoni, mpaka asubuhi. Mpaka leo ndivyo nilivyo.

Kesho kutwa ndiyo mtihani wako. Wale masista wa kituo cha afya wamesema wazi kwamba ukileta permi utaendesha gari lao la wagonjwa, ukikosa watampa mwingine, na Alimasi ameshampigia pasi shati mtoto wake. Nataka ujue kitu kuhusu gari la wagonjwa. Nyuma kuna mama anayejifungua, au mtoto mwenye homa, na anayekaa pembeni yako ni nesi anayeangalia nyuma. Hakuna atakayekuambia pita. Usiku, mvua, ng'ombe wameshuka barabarani, kizuizi kimewekwa mahali ambapo jana hakikuwepo, na wewe peke yako ndiye unayeona. Mimi nakutaka wewe pale. Kama ningekuwa nyuma nimelazwa, ningetaka niendeshwe na msichana aliyefungua mlango mbele ya wauza mikate, akachekwa, akarudi.

Na ukianguka tena? Utarudi tena. Nafasi ya masista itakwenda, tutalia, tutapata nyingine au hatutapata. Lakini ufunguo huutoi. Hata nikiwa mimi ndiye ninayeuomba kwa machozi, usinipe. Hilo ndilo jambo moja ninalokukataza katika barua hii yote.

Ulidhani kesho nitakupeleka Uvira. Nimeshasikia ukimwambia jirani, "Mama atanipeleka." Mama hakupeleki. Una karatasi yako ya kujifunzia, mimi nina permi, sheria imetosha. Wewe ndiye utakayekaa kulia, ziwa upande wako, kutoka hapa mpaka Mutambala, Mboko, Makobola, mpaka mlangoni kwa mama mukubwa. Barabara ni mbovu, unaijua. Makamyo yatakuwepo. Na Alimasi atakuwa amesimama pale kwenye kona yake asubuhi, kwa maana hakosi, naye ataangalia nani kashika nini. Mpigie honi, umsalimie vizuri, ni baba yako mudogo.

Ufunguo nimeuacha ndani ya kiatu chako. Kuku uwashushe kwanza.

Mimi nitakaa kushoto. Nitasali sala fupi. Halafu, mwanangu, tukishavuka daraja la Mutambala, usiniulize njia na usiniamshe, kwa maana nitakuwa nimelala.

Mama yako